Siku moja maishani mwangu: fomu za Kalemie

Saa 11:20 alfajiri

Umeme umerudi. Nimejua hata kabla ya kufumbua macho, kwa mngurumo wa friji, na hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, ukisikia friji inanguruma unaamka uchaji kila kitu kabla haujaondoka tena. Nachomeka simu, kompyuta, betri ya akiba. Halafu nafungua kundi letu la kwenye simu.

Kuna ujumbe wa saa 5:10 usiku: "Jambo yenu bote. Mi niko mupya humu. Simu tatu zinaonyesha fishi zimetumwa, lakini kwenye seva hakuna kitu. Mukubwa anataka data kesho. Munisaidie tafazali." Fishi ndizo fomu za utafiti. Namba ni ya kijana wa Kalemie aliyeingia wiki mbili zilizopita na ambaye hajawahi kuandika neno. Chini ya ujumbe wake hakuna jibu hata moja.

Namjibu kabla ya chai. "Jambo kaka, na karibu sana. Usiondoe programu kwenye simu hizo, usifute fomu yoyote, na waambie wenzako wasiziguse kwa leo. Asubuhi tutazitafuta pamoja." Jibu hilo halijatatua lolote. Lakini mtu aliyelala na hofu ya namna hiyo anapaswa kuamka akute sauti ya mtu.

Niseme mimi ni nani. Nasimamia data katika shirika dogo lisilo la faida, ASBL kama tunavyosema hapa, linalofuatilia watoto wanaoacha shule kwenda machimboni. Kundi ninalolisema ni la watu wa kazi kama yangu: wanaoshika kompyuta, data na mitandao ya mashirika, kuanzia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hadi Kindu, Bukavu na Bunia. Karibu wote wako peke yao. Shirika lina mhasibu, lina madereva wawili, lina watu wa mradi, na lina mtu mmoja "wa kompyuta", ambaye siku hiyohiyo anatengeneza printa, anafunga rauta, anaandaa fomu za utafiti na kuchora grafu za ripoti. Akikwama hana mwenzake wa kumgeukia ofisini, na akimwambia mkubwa wake kwamba amekwama, anaogopa ataonekana hajui kazi. Kundi lilianza kwa ajili ya mtu huyo.

Saa 1:15 asubuhi

Kwenye basi dogo kuelekea mjini. Tumepita mtaa wa Kenya, tumepita Kamalondo, na mbele linaonekana bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima wake mweusi wa taka za shaba. Nimeweka visikilizio, nasikiliza vokali, yaani ujumbe wa sauti, za usiku. Mama mmoja wa Bukavu ameuliza kuhusu betri za kutunzia umeme wa jua. Kaka wa Likasi amemjibu vizuri sana, kwa hesabu, kwa hiyo hapo sina la kuongeza.

Nitaeleza kwa nini swali la Kalemie limenikaa moyoni hivi. Mwaka wa pili wa kundi, kijana mmoja aliuliza namna ya kutenganisha jina na jina la ukoo katika safu mbili za Excel. Mtu mzima, mwenye cheo kikubwa katika shirika kubwa, alimjibu kwa Kifaransa kwamba hayo ni mambo ya wiki ya kwanza ya masomo. Watatu wakaweka alama ya kicheko. Kijana alitoka kwenye kundi usiku uleule. Nilimpigia kesho yake, akanijibu kwa adabu, akasema hana kinyongo. Hakurudi. Na kwa miezi miwili iliyofuata, maswali yaliyoingia yalikuwa ya watu walewale wanane, maswali magumu, ya kuonyeshana ujuzi. Wenye maswali madogo walikuwa wameona yaliyompata mwenzao.

Tangu hapo tulibadilisha mambo mawili. La kwanza, Kiswahili. Zamani kila kitu kilikuwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi na ya wafadhili. Lakini mtu anayeweza kusoma mwongozo wa Kifaransa si lazima aweze kueleza tatizo lake kwa Kifaransa saa tano usiku. Sasa kila mtu anaandika kwa Kiswahili cha kwao, cha Katanga, cha Kivu, cha Maniema, na wala hatusahihishani. La pili, hakuna swali linalolala mara mbili bila jibu. Hilo nimejipa mwenyewe, na wenzangu watatu wamenisaidia kulibeba.

Saa 2 asubuhi

Ofisini. Printa, barua pepe, nakala ya akiba ya data za jana. Nusu saa imekwisha.

Saa 3:10

Nampigia Kalemie. Sauti yake iko chini, amejifungia stoo ili wenzake wasisikie. Ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa. Anasema simu nane zilikwenda vijijini, tano data zake zipo, tatu hazina kitu kwenye seva. Lakini simu zenyewe zinasema fomu zimetumwa.

Kwa wasiojua: tunakusanya data kwa KoboCollect, programu ya simu iliyojengwa juu ya ODK, programu huria ya kukusanya data, kazi iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Uzuri wake ni kwamba mkusanyaji anajaza fomu mahali pasipo na mtandao, kisha anazituma akifika mjini. Na simu ikisema "imetumwa", kwa kawaida haidanganyi. Imetuma. La kuuliza ni imetuma wapi.

Nikamwambia afungue programu na kuangalia juu, upande wa kulia, kuna duara lenye herufi. "Kuna herufi gani?" Simu tano zina herufi moja, simu tatu zina herufi nyingine. Akanyamaza kidogo. "Yaya, hizi tatu ni simu za zamani."

Basi tulikuwa tumefika. KoboCollect inaweza kubeba miradi zaidi ya mmoja, kila mmoja na akaunti yake. Simu tatu zilikuwa bado zimefungwa kwenye akaunti ya mtu aliyeshika kazi hiyo kabla yake, na humo mlikuwa na fomu ya mwaka jana yenye jina lilelile. Wakusanyaji walijaza hiyo. Data zote zilikuwa zimefika salama kwenye akaunti ya mtu aliyekwisha kuondoka, ambaye kijana wangu hana hata namba yake.

Nilifungua daftari langu. Ni daftari la kawaida la shule. Nimeandika kila mwanachama kwa mstari: yuko mji gani, amewahi kufanya kazi wapi, anajua nini. Nalijaza kwa kumpigia kila anayeingia, dakika kumi hivi. Wenzangu wamewahi kuniuliza kwa nini najichosha na kalamu. Sababu ni kwamba kundi lenyewe halinionyeshi watu, linanionyesha wanaoandika. Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni, watu 90 kati ya 100 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maneno. Kwetu si tofauti sana. Lakini hao wasomaji wa kimya wana kazi, wana miaka, wana mambo waliyoyaona. Sikubali kuwaita watu wasiofanya kitu.

Kwenye daftari, mstari wa mwanachama wa Bukavu asiyeandika kamwe: *amewahi kufanya Kalemie, miaka mitatu, tafiti za kaya.* Na jina la shirika lilikuwa lilelile.

Nilimpigia. Alikuwepo kundini muda wote, swali la usiku alilisoma, ila hakudhani linamhusu. Kabla ya saa 5 alikuwa ameingia kwenye akaunti yake ya zamani na kumpa kijana ruhusa ya kuona na kupakua. Fomu zote zilikuwemo, 212. Baadhi ya majibu yatabidi yalinganishwe na fomu mpya, maana maswali mawili yalibadilika mwaka huu. Hiyo ni kazi ya siku moja, tena mchana, na bila kujificha stoo.

Saa 7 mchana

Bukari, lengalenga na kapenta kwa Mama wa kona, na munkoyo baridi. Simu iko mezani kwa sababu kundini mjadala umewaka, na ni mjadala ninaoupenda.

Mwanachama wa Kolwezi ameuliza tunavyoandika "ménage" kwenye fomu ya Kiswahili. Kitabuni ni "kaya". Lakini nenda Ruashi ukamwulize mama "kaya yenu ina watu wangapi" uone atakavyokutazama. Wengine wanaandika "nyumba", halafu mkusanyaji anahesabu waliolala chini ya bati lile, hata wapangaji wa chumba cha nyuma. Mwingine wa Bukavu akaleta "jamaa", kwa sababu kwetu jamaa ni familia. Wa Kindu akapinga: jamaa ya mtu inafika hadi Kisangani, utahesabu hadi lini? Mwishowe Mama mmoja wa Likasi, aliyekuwa mkusanyaji miaka mingi kabla ya kushika kompyuta, akatuma vokali: "Mimi nilikuwa nauliza, wanaokula kwenye chungu kimoja na ninyi ni wangapi? Hapo hakuna aliyenielewa vibaya."

Neno lake limeingia kwenye orodha yetu ya pamoja ya maswali yaliyokwisha kutafsiriwa. Fomu moja inaweza kubeba lugha kadhaa, unaongeza tu safu ya Kiswahili pembeni ya ile ya Kifaransa, lakini wengi huiacha tupu, na mkusanyaji anatafsiri kichwani akiwa mlangoni kwa watu. Wakusanyaji kumi, tafsiri kumi. Halafu tunashangaa kwa nini takwimu za kijiji kimoja hazifanani.

Saa 9:40 alasiri

Jambo lisilopendeza. Mwanachama, akiomba msaada kuhusu jedwali lake, ametuma picha ya skrini yenye majina ya watoto, vijiji vyao na namba za simu za wazazi. Niliifuta mara moja, msimamizi wa kundi anaweza, na nikaandika tu: "Nimeondoa picha moja kwa sababu ya majina. Swali lenyewe linabaki, naomba tulijibu." Sikumtaja. Nikampigia pembeni.

Tuliongea kirefu. Alidhani kundi letu ni mahali pa ndani, kama ofisini. Nikamwambia kila simu iliyomo humu inaweza kuibiwa kesho kwenye soko la Njanja, na picha ikiwa ndani. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kanuni ya dijitali, na ulinzi wa data za watu binafsi umo ndani yake. Lakini sikumpigia ili kumtisha kwa sheria. Nilimwuliza kama mmoja wa watoto wale angekuwa wake. Akasema, "Yaya, nimeelewa." Kisha tukatengeneza pamoja jedwali lenye majina ya kubuni, akalituma, na swali likajibiwa kabla sijafunga ofisi. Ningemkaripia mbele ya watu, picha ingeondoka na yeye angeondoka pia.

Saa 12 jioni

Nyumbani. Maji, watoto, masomo ya shule. Umeme umekatika saa 12:20.

Saa 2 usiku

Leo ni Alhamisi, saa yetu ya kuongea kwa sauti, bila video ili mega zisiishe. Wameingia watu kumi na tisa. Mwenzangu mmoja amesimulia kisa ninachokipenda: mwaka 1987, San Francisco, Daniel Ben-Horin alianzisha CompuMentor ili kuwaunganisha wenye ujuzi wa kompyuta na mashirika yasiyo ya faida yaliyouhitaji. Alikuwa ameona jinsi watu wa The WELL, jumuiya ya mtandaoni ya zamani kule California, walivyosaidiana bila kujuana kwa sura. CompuMentor ndiyo baadaye ikawa TechSoup, ambayo mashirika ya nchi nyingi yanapitia kupata programu kwa bei nafuu. Sisi hatuna ofisi wala bajeti. Lakini niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini.

Nikamwomba wa Kalemie aeleze kilichompata. Alisita. Wa Bukavu, yule wa kimya, akafungua kipaza sauti akasema, "Mdogo wangu, kosa la kwanza ni langu. Niliondoka na akaunti kwa jina langu, ilitakiwa iwe ya shirika." Hapo kijana akaanza, hatua kwa hatua: lile duara la juu, herufi, miradi miwili, fomu mbili za jina moja. Sauti yake haikuwa ile ya stoo. Watu wawili walimkatiza kumwomba asubiri, wakaangalie simu za mashirika yao papo hapo. Mmoja, wa Kolwezi, akarudi akisema ameikuta hali hiyohiyo kwenye simu mbili.

Saa 4 usiku

Mshumaa. Betri ya akiba imebaki nusu. Nafungua daftari kwenye mstari wa Kalemie, ambao tangu aingie ulikuwa na mji tu na jina la shirika, maana siku nilipompigia aliniambia hana anachojua cha kuwafundisha wengine. Kwenye safu ya tatu naandika: *KoboCollect, miradi miwili kwenye simu moja. Kolwezi wamwulize yeye.*