Kabla ya Kumwaga Lami Mpya, Chimba Uone Kilicho Chini

Njia ya kuingilia gari nyumbani kwa wazazi wangu hapa Moshi ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 25, inateremka kutoka barazani hadi getini, na lami yake imechakaa kiasi kwamba mwaka huu uamuzi haukuweza kuahirishwa tena. Upande wa juu imepauka na kupasuka nyufa nyembamba ndefu. Upande wa chini, kwenye mita 9 za mwisho, imekatikakatika vipande vidogo vidogo mithili ya ngozi ya mamba, na katikati yake pana mashimo mawili ambayo mvua ikinyesha hugeuka madimbwi. Baba yangu anatembea kwa mkongojo na hana njia nyingine ya kutokea nje, kwa hiyo jambo hili nimelichukulia kwa uzito kuliko ambavyo ningelichukulia kama lingekuwa la sura ya nyumba tu.

Mafundi na wakandarasi wadogo tuliowaita walitofautiana bei, lakini wengi wao ushauri wao ulikuwa mmoja: tumwage tabaka jipya juu ya lile la zamani, lishindiliwe, kazi iishe. Ushauri huo una mahali pake. Pale ambapo msingi ni mzima na lami imechakaa uso tu, tabaka jipya la sentimita 4 au 5 laweza kuiongezea njia miaka mingi kwa gharama ndogo kuliko kuvunja na kuanza upya. Hata hivyo, lami hufuata mwenendo wa kile kilicho chini yake; ikimwagwa juu ya vipande vinavyocheza, nyufa za zamani hupanda polepole mpaka juu, na shimo lililofunikwa bila kutibiwa hufumuka tena palepale. Isitoshe, sentimita 5 zinazoongezwa juu lazima zipate nafasi. Geti letu linafunguka kwa ndani na limebakiza uwazi mdogo tu chini yake, na pale barazani tabaka hilo lingefanya maji yaelekee mlangoni badala ya kuukwepa.

Ndiyo maana niliomba jambo moja kabla ya kuzungumza bei: tuchimbe mashimo mawili ya majaribio, moja juu na moja chini, kila moja sentimita 40 kwa 40. Juu, lami ilikuwa na unene wa sentimita 4 na ilivunjika kwa shida; ndani ilikuwa bado nyeusi, kokoto zake zimeshikwa pande zote, na chini yake palikuwa na tabaka la kokoto kavu lililoshindiliwa vizuri hata mtaimbo ukawa unadunda. Kule getini lami ilikuwa na unene uleule, lakini ilinyanyuka kwa mkono. Kokoto za upande wake wa chini zilikuwa zimebanduka lami zikabaki tupu, za kijivu na zenye unyevu, na msingi ulikuwa umechanganyika na udongo mwekundu laini ambao niliuviringisha kiganjani ukawa tonge, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uamuzi wote ulipo, kwa sababu lami huchakaa kwa namna mbili ambazo dawa zake hazifanani. Ya kwanza hutokana na jua na hewa: katika mchanganyiko unaomwagwa njiani, lami yenyewe, ile gundi nyeusi, ni takriban asilimia 5 tu ya uzito, mengine yote ni kokoto na mchanga, na kadiri miaka inavyopita gundi hiyo ndogo hupoteza ulaini wake, ikawa ngumu, ikapauka na kupasuka. Ya pili hutokana na maji yanayofika kwenye msingi. Msingi uliolowa hauwezi kubeba uzito wa gari, hubonyea kila gurudumu linapopita, na lami iliyo juu yake hupinda mara maelfu hadi ikakatika vipande vipande. Uchakavu wa kwanza hutibiwa juu. Wa pili hautibiki bila kuchimba.

Upande wa juu, basi, hatuubomoi. Nyufa zenye upana wa kuanzia milimita 3 zitasafishwa kwa brashi ya waya na kupulizwa vumbi, kisha zitajazwa lami ya moto siku ambayo njia ni kavu kabisa, na baadaye uso wote utapakwa emulsheni ya lami, yaani lami ya majimaji iliyotengenezwa kwa maji, ikichanganywa na mchanga laini. Mpako huo hauongezi nguvu yoyote ya kubeba gari, na mtu asiuziwe kwa ahadi hiyo. Kazi yake ni kuzuia maji na kupunguza makali ya jua. Naomba pia wenye tabia ya kupaka oili chafu ili lami irudi kuwa nyeusi waiache. Oili na dizeli huyeyusha lami, na ndiyo sababu mahali gari linalovuja linapoegeshwa huanza kumeguka kabla ya pengine.

Kuhusu upande wa chini, swali la kwanza lilikuwa maji yanatoka wapi. Tulimwaga maji kwa mpira kutoka juu tukayafuata. Yale ya kwenye njia yenyewe yaliteremka bila shida, lakini bomba linaloshusha maji ya gata za paa linamwaga ukingoni mwa lami, mahali ambapo bustani imeinuka kuliko njia, na maji yakikosa pa kwenda huingia chini ya ukingo na kutulia karibu na geti. Kwa msingi huo, hata tungemwaga lami nene kiasi gani, ingekufa vilevile. Bomba hilo litaunganishwa na mtaro mpya wa pembeni utakaopeleka maji nje, na bustani itakatwa ishuke chini ya usawa wa njia.

Baada ya hapo, tuweke nini? Nilitamani lami, ili njia iwe ya aina moja, ila hesabu ilinikatalia. Mita za mraba 36 kwa unene wa sentimita 5 ni mita za ujazo 1.8, yaani tani 4 na ushei za lami ya moto, mzigo mdogo ambao mtambo na lori havifungi safari kwa ajili yake kwa bei nafuu, na ambao hupoa njiani. Lami iliyopoa haishindiliki, hata ikionekana nyeusi na nzuri siku ya kwanza. Tumechagua pevingi, yaani matofali ya zege yanayopangwa chini. Matofali ya sentimita 20 kwa 10 yanahitajika 50 kwa kila mita ya mraba, hivyo kwetu ni 1,800, mbali na ya akiba. Nimeshikilia unene wa milimita 80 badala ya 60, kwa kuwa boza la maji huingia hapa, na yapangwe kwa kukingamana, kwa maana mistari iliyonyooka husogezwa na magurudumu yanapokata kona. Chini yake ni mchanga wa sentimita 3, na chini ya mchanga ni kokoto za sentimita 15 zilizoshindiliwa kwa kompakta, mashine ya kushindilia. Kwa hiyo uchimbaji ni sentimita 26 kwenda chini, na zaidi popote udongo laini utakapoonekana. Lami ya juu itakatwa kwa mashine mstari ulionyooka, na zege la ukingo litawekwa kati yake na pevingi na pande zote mbili, maana pevingi isiyo na ukingo huanza kutawanyika pembeni.

Yote haya yameandikwa kwenye makubaliano kwa vipimo, na unene umetajwa kuwa ni ule wa baada ya kushindilia. Makadirio ya kwanza tuliyopewa yalikuwa na bei kwa mita ya mraba bila kusema kama kubomoa, kuzoa kifusi na msingi vimo, na kwa hali hiyo hapakuwa na namna ya kuyalinganisha.

Limebaki suala la mti wa jakaranda, ambao mzizi wake mmoja umeinua lami karibu na baraza. Fundi alipendekeza kuukata. Ni mzizi mnene na uko karibu sana na shina, na mti ulionyimwa mzizi wa namna hiyo unaweza kuanguka. Tutaondoa lami kipande hicho, tuweke changarawe, na gari lipite upande wa pili. Mtaro ndio utakaotangulia, kisha pevingi, na nyufa za juu zitazibwa Januari au Februari, wakati wa jua kali, kabla masika haijaingia Machi.