Siku moja maishani mwangu: kamera ilipokuja kuitazama ndege yangu ndogo

Saa 11:30 alfajiri simu iliita kabla kengele haijalia. Mama wa mwanafunzi wangu wa kwanza. "Mwalimu, umeona habari? Wanasema hizi ndege zenu ni mabomu yenye mabawa." Nikamwambia amlete tu kijana, amebakiza saa chache za mafunzo aruke peke yake. Ndipo nikafungua habari. Jana yake ndege moja ndogo ilikatiza anga iliyofungwa, ndege za kivita zikapaa kuifuata, ikatua salama. Rubani alikuwa amepotea njia. Hilo la kupotea lilisemwa mwishoni, haraka haraka, mtangazaji akiwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Saa 12:15 nikafika uwanjani. Mzee wetu wa getini alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha plastiki, daftari mapajani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kuna gari jeupe limepita hapa mara mbili usiku. Namba ninayo." Mzee hajawahi kushika usukani wa ndege, lakini injini zote za uwanja huu anazijua kwa mlio. Ikipaa ndege saa isiyo yake, ananipigia simu nikiwa kitandani.

Saa 1:00, ukaguzi. Mwanafunzi akachuruza mafuta kutoka chini ya bawa, akakiinua kikombe kwenye mwanga. Petroli yetu ina rangi ya buluu, na maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwemo hukaa chini. Leo yalikuwepo: tone moja, duara, likitembeatembea kwenye sakafu ya kikombe kama jicho la samaki. Akalimwaga, akachuruza tena, na tena, mpaka kikombe kikawa buluu tupu. Tone lile likikusanyika na wenzake likafika kwenye injini tukiwa futi mia tatu juu ya miti, hatutahitaji gaidi. Sijawahi kuona kamera ikilipiga picha.

Kabla ya kupaa tukasoma matangazo ya anga. Watu wengi hawajui kwamba anga inaweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho, labda kwa sababu kuna kiongozi anapita. Usiposoma asubuhi hiyo, au ukasoma vibaya, unaingia. Tarehe 11 Mei 2005 ndege ndogo aina ya Cessna 150 yenye watu wawili waliopotea iliwafanya wabunge wa Marekani watoke mbio kwenye jengo lao. Ilikuwa aibu, na kosa kubwa la kirubani. Shambulio halikuwa.

Saa 4:00 wakaja: mwandishi kijana na mpiga picha wake. Nilikuwa nimewaalika mwenyewe, maana nimechoka kununa. Mzee akaacha kiti, akazunguka nyuma ya gari lao. Mpiga picha akaanza na geti.

Swali la kwanza: "Kapteni, ndege hii inaweza kubeba mlipuko kiasi gani?"

Sikujibu. Nikawapeleka kwenye mizani. Ndege yangu ni Cessna 172, na uzito wa mwisho inaoruhusiwa kupaa nao ni kilo 1,157. Ukitoa uzito wa ndege yenyewe, unabaki na kama kilo 400. Tangi zikijaa, mafuta peke yake yanakula zaidi ya 140. Mwandishi akapanda mizani, kisha mpiga picha (mtu mwenye mwili wake), kisha mimi, kisha begi la kamera na stendi yake ya miguu mitatu. Tumezidi. Tungepunguza mafuta, au stendi ibaki. Ikabaki. Nikamwambia Boeing 767, aina iliyogonga majengo ya New York mwaka 2001, ikijaa inapita tani 130. Hizo ni ndege zangu zaidi ya mia moja. Akaandika, na kwa kweli aliandika vizuri, akanirudisha nyuma niseme tena ile hesabu.

Lakini kijana alikuwa amejiandaa. Moscow, 1987? Nikamwambia Mathias Rust, yule rubani Mjerumani wa ndege ndogo, alikuwa na miaka 18, alitua karibu na Uwanja Mwekundu bila silaha, na rada zilikuwa zimemwona njiani. Tampa, 2002? Mwanafunzi wa miaka 15 alipaa bila mwalimu akagonga jengo refu, akafa peke yake. Austin, 2010? Hapo nilinyamaza kidogo. Yule rubani aligonga jengo kwa kukusudia, jengo liliungua, na mfanyakazi mmoja aliyekuwa kazini kwake alikufa pamoja naye. Hiyo siwezi kuiweka kwenye mizani nikaifanya nyepesi. Nilichomwambia ni hiki: "Ndiyo, inawezekana, kama inavyowezekana kwa gari. Mtu akikusudia, atatafuta chombo. Swali ni nani anamjua mtu huyo na nani atagundua kabadilika." Nikamwomba azungumze na mzee. Akasema muda umebana.

Saa 6:00 tukaruka nao. Joto la mchana lilituyumbisha, na mpiga picha akaomba mfuko kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza. Hakupiga picha nyingi angani.

Saa 8:00 hadi 11:00 makaratasi, tairi moja, na mwanafunzi anayeogopa redio kuliko anavyoogopa kuanguka. Hakuna hadithi.

Saa 2:00 usiku habari ikatoka. Dakika arobaini za mazungumzo zimekuwa maneno mawili kutoka kinywani mwangu: "Ndiyo, inawezekana." Mizani haipo. Hesabu haipo. Sijui ni yule kijana au ni wakubwa zake waliokata, nashuku wakubwa. Kilichopewa nafasi ni geti letu, wazi, na kiti cha plastiki kitupu pembeni, muziki wa huzuni ukipita chini yake. Sauti ikasema hakuna anayelinda.

Nikampigia mzee. Alikuwa ameangalia kwa jirani.

"Kiti changu nimekiona," akasema. "Sasa walitaka nikae, halafu namba ya gari lao niiandike saa ngapi?"