Waliniambia nitulie, kumbe mifupa ilitaka kazi

Nilivunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu. Sikuanguka kutoka juu wala sikugongwa na gari. Nilikanyaga maji sakafuni, nikatanguliza mkono wa kulia, nikasikia kitu kimelia kama kijiti kikavu. Nilikuwa na miaka 51. Daktari aliyenifunga plasta akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, hedhi yako ilikoma ukiwa na umri gani?" Nikamjibu 43. Hapo hapo akaniandikia kipimo cha DEXA, kinachopima uimara wa mifupa. Namshukuru mpaka leo, maana angeweza kunifunga mkono akanirudisha nyumbani.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala kwenye mashine dakika chache, inapiga picha kiuno na nyonga, basi. Majibu ndiyo yaliyoniuma: alama ya T ilikuwa hasi 2.9 kwenye uti wa mgongo na hasi 2.3 kwenye nyonga. Alama hiyo inakulinganisha na kijana mwenye mifupa imara, na ukifika hasi 2.5 au ukashuka zaidi ya hapo, hiyo ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu. Daktari alinieleza kwamba mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yetu yote, na homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasizidi kasi. Hedhi ikikoma homoni hiyo hushuka, na mimi ilikuwa imenipungua mapema, na kwa miaka minane nzima mifupa ilikuwa ikiliwa kimyakimya. Hakuna siku hata moja niliyosikia maumivu. Watu huchanganya ugonjwa huu na ule wa viungo kuuma, lakini huu hauumi mpaka kitu kivunjike.

Sasa ushauri ukaanza kumiminika. "Dada, wewe sasa ni wa kukaa." "Usinyanyue kitu." "Usitembee mbali." Walinipenda, najua, lakini ushauri ule ulinidhuru kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikaa miezi mitatu kwenye kiti. Mapaja yakalegea, na siku moja nilipoinuka haraka magoti yalitetemeka nikajishika kwenye mlango. Nilikuwa nakimbia kuanguka, kumbe kukaa ndiko kulikokuwa kunaniangusha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoyasikia hayo alinikatalia kabisa: mfupa usiobebeshwa uzito mwili huona hauna kazi, ukazidi kuupunguza. Hata kuogelea, alisema, kunafaa moyo na pumzi, lakini maji yanakubeba, kwa hiyo mfupa haupati mzigo. Akaniandikia kutembea kwa mwendo wa haraka, kupanda ngazi, na kunyanyua vyuma vidogo mara mbili kwa wiki.

Kwenye dawa ndiko nilikopotea zaidi. Niliandikiwa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Nikajipa hesabu yangu mwenyewe: hii ni dawa ya mfupa, kalsiamu nayo ni ya mfupa, maziwa pia, basi vikienda pamoja vitasaidiana. Kila Jumapili asubuhi nikawa nameza vyote kwa glasi ya maziwa, kisha narudi kitandani. Wiki ya tatu nikaanza kusikia moto katikati ya kifua. Wiki ya sita nilikuwa nameza mate kwa shida, nikaacha. Niliporudi kwa daktari nikamsimulia, alifunga faili akaniangalia kwa muda. Kidonge hiki, akasema, hata ukikimeza sawasawa, chini ya asilimia 1 ndiyo huingia mwilini. Kalsiamu na maziwa hukishika kisiingie kabisa. Na ukilala, kinaweza kukwama kwenye umio, njia ya chakula kifuani, kikachoma. Wiki sita nilikuwa nachomwa bure.

Alinipumzisha mpaka umio ukapona, kisha tukaanza upya: tumbo tupu, glasi kubwa ya maji matupu, na nisilale wala kula kitu kwa nusu saa isiyopungua. Nusu saa hiyo asubuhi na mapema ni ndefu, na kitanda kinakuita. Mbinu niliyoipata najivunia kweli: naweka pasi mezani tangu Jumamosi usiku. Nikishameza, naanza kupiga pasi nguo za wiki nzima, na huwezi kupiga pasi umelala. Nguo zikiisha, muda umeshapita. Tangu nianze hivyo sijakosa Jumapili hata moja na kiungulia hakijarudi. Kalsiamu nameza mchana, baada ya chakula. Na wale wanaonunua mikebe ya poda za mifupa, someni kwanza kilichoandikwa nyuma. Mwanamke wa rika langu anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula kikiwemo. Mimi nilikuwa nimevuka hapo kwa mbali, na ikizidi inaweza kuleta mawe kwenye figo. Hela niliyomaliza kwenye mikebe ile ingelipia kipimo kingine.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni namna ya kuinama. Mgongo ukikunjwa mbele, pingili dhaifu hubanwa upande wa mbele na huweza kupondeka, hata kwa kuokota kiatu. Mtaalamu alinifundisha kwa mpini wa ufagio. Unaushika nyuma yako wima, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na kifandugu. Kisha unasukuma makalio nyuma, magoti yakilegea, huku mpini haubanduki popote. Mara ya kwanza ulibanduka kwenye kifandugu kabla sijafika popote. Nilifanya kila jioni mbele ya kioo, na ilichukua karibu mwezi mpini kutulia. Sasa hata ndoo naiinua hivyo. Mjukuu wangu naye nimemzoesha: akitaka kubebwa anapanda kiti kwanza, ananisubiri mikono wazi, nami namchukua kifuani bila kuinama.

Nyumbani niliondoa zulia dogo lililokuwa likiteleza, nikaweka taa ya usiku njia ya kwenda chooni. Macho na meno nilikagua pia. Meno ni muhimu, kwa sababu dawa hizi mara chache sana huleta shida kwenye taya, kwa hiyo kung'oa jino ni vizuri kumalizwe kabla ya kuanza dawa. Mwenye pingili iliyokwisha kuvunjika asiige mazoezi yangu bila kumwona mtaalamu wake.

Baada ya miaka miwili nilirudi kupimwa. Uti wa mgongo ulikuwa hasi 2.6, nyonga ilikuwa vilevile. Nilimuuliza daktari mara mbili kama amesoma karatasi yangu kweli. Kisha nikampigia simu mdogo wangu, ambaye naye hedhi yake imekoma, na yeye ndiye aliyekuwa akiniambia nisinyanyue kitu. Nilimpeleka wiki iliyofuata. Yake ni hasi 1.8, kwa hiyo hajafika kwenye ugonjwa. Siku hizi Jumamosi asubuhi tunatembea wote wawili, na yeye ndiye anayetangulia.