Randori ya kwanza

"Yaya, leo tunapigana?" Swali hilo halikosi kila anapoingia mgeni na mkanda wake mweupe. Nalielewa. Watoto wa hapa Bukavu wamesikia habari za Popole Misenga na Yolande Mabika, wazaliwa wa mji huu, waliocheza judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi. Popole alimshinda Avtar Singh wa India katika pambano lake la kwanza. Nafurahi sana majina hayo yakitajwa huku mtaani kwetu Kadutu.

Lakini tunaanza na kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige tatami (mkeka wa mazoezi), pumzi itoke. Tatami yetu ni turubai lililotandikwa juu ya unga wa mbao, na msimu wa mvua unga unashikana na kuwa mgumu. Aliyeanguka vibaya anajua papo hapo.

Leo jioni nilikamatana na kijana mmoja, randori yake ya kwanza, yaani pambano huru la mazoezi. Alinishika kola mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Mikono imekakamaa, macho yako chini kwenye miguu, pumzi ameizuia. Dakika haijaisha, kachoka.

"Pumua, mdogo wangu. Tembea nami tu."

Tukazunguka. Nilipomsikia mabega yamelegea, niliegemea kisigino changu cha kulia, nikauacha uzito hapo. Akausikia! Akaingia na o-soto-gari, mtupo wa kufagia mguu kwa nje, mguu wake ukafagia wangu, nikaanguka. Alibaki ameshika mkono wangu, kama alivyofundishwa, ili nisijigonge kichwa. Hilo la mkono ndilo lililonifurahisha kuliko mtupo wenyewe.

Kurudia mbinu na mtu aliyesimama tu hakumpi mtu hisia hiyo. Kano Jigoro, aliyeanzisha Kodokan, shule ya judo, huko Tokyo mwaka 1882, aliyabakiza mapigo ya jujutsu, mchezo wa kale wa Kijapani ambamo judo ilitoka, kwenye kata (mazoezi ya mtiririko uliopangwa) na kuyaondoa kwenye randori, ili wawili waweze kujaribiana kwa nguvu kweli na kesho warudi wazima.

Mwenzangu mmoja anaona mgeni angoje miezi mingi kwanza. Sikubali. Anayengojeshwa anajifunza majina yote ya Kijapani, halafu akikamatwa na mtu anayekataa kwenda anakotaka yeye, anaganda. Ila kwa jambo moja sina mchezo: dhamana ni ya mkubwa. Wageni wawili hatuwaachi wakamatane peke yao, maana bado hawajui kulegeza. Na mwenye mkanda wa kahawia anayemtupa mtoto ili watu wamtazame, huyo namtoa kwenye tatami siku hiyohiyo.

Jumamosi nitamweka kijana yule na mama mmoja wa mkanda wa kijani. Mwepesi wa miguu, hasukumi, na hamwangukii mtu kwa huruma. Kwa mama huyo nguvu za mikono hazitamfaa kijana, itabidi asogee.