Siku Moja Maishani Mwangu: Refa wa Mashindano ya Pawa So za Bei Nafuu

Saa 12 asubuhi niko Gikomba, soko la Nairobi, nachukua mbao za kukatwa leo kwa pawa so, yaani misumeno ya mnyororo. Ni mikaratusi mibichi iliyopasuliwa mraba, sentimita 20 kwa 20, isiyo na fundo. Gogo la mviringo huleta kesi: wa kwanza anakata pembamba, wa mwisho panene.

Saa 2 tunafunga kamba, tunaweka kizimamoto, tunachanganya petroli ya wote: mililita 40 za oili kwa kila lita.

Saa 3, ukaguzi. Sheria ni chache: pawa so yenye injini ya cc 52 au 58, bei isizidi shilingi 15,000, breki ya mnyororo ishike. Bila miwani, vizibo vya masikio na suruali ya kinga, hushindani. Kupanua ekzosi ni ruhusa, na hapo ndipo mashine nyingi hufia. Ukiipanua, hewa inazidi petroli. Usipolegeza kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya mwendo wa kasi, pistoni inakwaruzika kisha inashika. Kinyume chake, pawa so iliyotuniwa Mombasa ikifika huku juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, kwa hivyo inatoa moshi na kuzubaa. Hapo skrubu unaikaza kidogo. Ipe mafuta hadi mwisho bila mzigo: mlio mzuri unakatikakatika, ukigusa mti unanyooka. Ukinyooka kabla ya kugusa mti, legeza.

Halafu kuna yule jamaa, maana hakosi. Risiti yake inasema 12,500, lakini silinda inang'aa kuliko mashine yenyewe.

“Boss, hii ni ya dukani tu, sijaigusa.”

“Sawa, kaka. Lakini ukishinda, yeyote mwenye elfu 15 mkononi ataondoka nayo. Sheria ndiyo hiyo.”

“Kwani mnauza mali ya watu?”

Hatuuzi. Tunazuia mtu kuweka elfu 40 ndani ya mashine ya elfu 12, kisha awacheke vijana waliofanya kazi kwa tupa na bisibisi. Anampigia fundi wake wa Grogan, kule kwa vipuri vya magari, anaweka spika, fundi naye anatusomea sheria zetu. Foleni inanung'unika, jua linawaka. Mwishowe anaondoa jina, kisha anarudi kuuliza kama anaweza kukata “kwa maonyesho tu.” Anaweza, baada ya wengine.

Mbio zenyewe ni sekunde chache: kukata chini, juu, chini. Kipande kikitoka nusu, umetoka. Wapo waliosaga kupita kiasi vipimo vya meno, vile vinundu vinavyozuia jino kuchimba sana. Mnyororo unauma, unakwama, injini inazima. Ya mwingine imelowa petroli: anatoa plagi, anaivuta kamba kukausha silinda, na saa inahesabu.

Sijui ni saa ngapi tena, masikio yanavuma hata na vizibo. Mwenye kuku anaomba magunia ya vumbi la mbao. Tunamnyima, limelowa oili ya mnyororo. Ananuna. Na yule jamaa wa silinda bado anauliza zamu yake.