Sehemu nne kwa ala tano za shaba: ya tatu imeandikwa upya

Kundi ninalolitungia ni lile la kawaida la ala za shaba: tarumbeta mbili za B flati, honi ya F, tromboni na tuba. Kazi nzima inachukua kama dakika 13. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne zimekamilika. Ya tatu, ile ya polepole, imebidi niiandike upya karibu yote.

Ufunguo ndio ulioanza kuleta shida. Niliiweka katika D meja kwa sauti halisi. Tarumbeta ya B flati husikika toni moja chini ya nota iliyoandikwa, hivyo ilisoma E meja yenye shapu nne (alama za kupandisha nota nusu toni; flati hushusha), na ile C shapu ya chini, inayobanwa kwa vali zote tatu, hupanda juu ya sauti yake mpigaji asipovuta bomba la vali ya tatu. Nimepandisha nusu toni hadi E flati. Sasa tarumbeta zinasoma F meja, flati moja tu, na honi inasoma flati mbili.

Pumzi ilikuwa kosa kubwa zaidi. Tuba ilishikilia F ya chini kwa baa nne, kila baa midundo minne, kwa kasi ya midundo 54 kwa dakika: karibu sekunde 18, kwa sauti kubwa! Kompyuta iliicheza vizuri kabisa, maana haina mapafu. Nota za chini za tuba hula hewa vibaya sana. Sasa tuba inashika baa mbili kwa sauti ya wastani, tromboni inaingia na F hiyo hiyo oktavi moja juu kabla tuba haijaacha, tuba inavuta pumzi, kisha inarudi taratibu. Msikilizaji hapati pengo.

Wimbo wenyewe nimempa honi, na hapo lazima kujizuia. Mdomo wa honi, pale sauti inapotokea, hutazama nyuma. Tarumbeta mbili zikipiga forte, yaani kwa nguvu, juu yake, imezama. Kwa hiyo zimeandikiwa piano, yaani kwa sauti ndogo, zikiwa na viziba vya kufifisha sauti mdomoni mwa ala. Kiziba nacho hupandisha sauti kidogo, ilhali ala iliyokaa kimya muda mrefu hupoa na kushuka, basi nimeacha baa sita tu za kimya kabla hazijaingia: zinatosha kuweka kiziba bila haraka, na chuma hakijapoa sana.

Mpigaji wa tarumbeta ya kwanza anatoka sehemu ya pili midomo imechoka, kwa kuwa nota zake zimekaa juu ya mistari ya stafu, yaani juu sana, baa 20 mfululizo. Kwa sababu hiyo tarumbeta ya pili ndiyo inayoongoza katika ya tatu. Ningependa watunzi wote wa shaba wahesabu uchovu kama wanavyohesabu midundo.

Marekebisho madogo katika sehemu ya pili: tromboni ilirukaruka upesi kati ya B flati na B ya stafu ya besi. Bila vali ya F, inayoongeza bomba la ziada, hiyo ni kusogeza bomba la kuteleza kutoka nafasi ya kwanza hadi ya saba, urefu wote wa mkono. Nimebadilisha B kuwa C, inayopatikana nafasi ya sita au, kwa vali, ya kwanza.

Zimebaki nakala za wapigaji. Kila ukurasa utageuziwa penye kimya, na baada ya mapumziko marefu nitaweka nota ndogo za ala nyingine ili anayesubiri ajue pa kuingilia.