Jinsi nilivyochagua valvu na vifaa vya kufungia mabomba ya plastiki shambani Lushoto

Shamba letu la mboga lipo kwenye miteremko ya Usambara ya Magharibi, upande wa Soni wilayani Lushoto, na chemchemi tunayoitumia iko juu yake, ng'ambo ya bonde jembamba. Maji hushuka yenyewe bila pampu, ndiyo maana wengi hudhani kazi yote ni kununua marola ya poli (bomba la plastiki la polithini), kuyafukia na kufunga koki mwishoni. Mimi nilianza na kupima mwinuko, kwa kuwa mwinuko ndio unaoamua bomba lipi, valvu ipi na hata spana ipi itafaa. Kibali cha kutumia maji nilikuwa nimekwisha kukipata kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani; habari zake ni ndefu na si za hapa, isipokuwa kwamba kiasi cha maji kilichoandikwa humo ndicho kilichonifanya nichukue bomba kuu la milimita 50 badala ya 63.

Kutoka kwenye chanzo hadi chini kabisa ya bonde ni mita 96 za kimo, kisha bomba hupanda tena hadi kwenye tangi la shambani, ambalo liko mita 58 chini ya chanzo. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta presha inayokaribia baa 1, na presha hiyo hufika juu kabisa wakati maji yamesimama, yaani usiku, tangi likishajaa na floti, yaani valvu ya boya inayofunga maji yenyewe, ikafunga. Kwa hesabu hiyo bomba la bondeni hubeba baa 9.4. Muuzaji alinipigia bei ya poli ya PN10 kwa njia nzima, na kwa kuangalia namba tu ilitosha, kwa sababu PN10 maana yake ni kuhimili baa 10. Lakini namba hiyo huhesabiwa kwa maji yenye nyuzi joto 20, na poli nyeusi iliyoanikwa juani huvuka joto hilo mapema asubuhi. Zaidi ya hapo kuna mshtuko wa maji yanapokatwa ghafla: katika poli, mkondo unaokwenda mita 1 kwa sekunde ukisimamishwa mara moja unaweza kuongeza presha kwa baa 3 hivi. Kwa hiyo niliigawa njia. PN10 ikakaa sehemu ya juu na ile inayokaribia tangi, na PN16 ikapita bondeni. Dukani nilisoma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa bomba, nikitafuta PE100, ambayo ni daraja la poli, SDR 17 kwa PN10 na SDR 11 kwa PN16 (SDR ni kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene wa ukuta, hivyo namba ndogo ni ukuta mnene), pamoja na namba ya kiwango, ISO 4427. Rola ambalo maandishi yake hayasomeki sikulichukua, hata nilipopunguziwa bei.

Mshtuko huohuo ndio ulioniongoza kwenye valvu. Boli valvu, yenye tufe lililotobolewa ndani yake, hufungwa kwa robo mzunguko, na mtu mwenye haraka huifunga kwa kofi moja. Geti valvu huzungushwa mara nyingi, hivyo maji hupungua taratibu mtu apende asipende. Kwenye chanzo na kabla ya tangi nikaweka geti valvu za shaba. Ubaya wake unajulikana: sahani inayoshuka kuziba maji hukaa kwenye mfereji mdogo ulio chini ya tumbo la valvu, na mchanga ukijaa humo haizibi tena. Dawa yake ni kuiweka valvu ya chanzo baada ya chemba ya kutuliza mchanga, si kabla yake.

Valvu iliyonifikirisha kuliko zote ni ya bondeni, ya kusafishia bomba. Pale ndipo matope yote hujikusanya na ndipo presha ilipo kubwa kuliko popote. Geti valvu ingekaba mchanga kila inapofunguliwa, na boli valvu ingeweza kupiga bomba mshtuko. Hatimaye nilichagua boli valvu ya shaba yenye tundu kamili, yaani lenye upana sawa na wa bomba, ili mchanga upite bila kukwama, nikafunga plagi kwenye mdomo wake. Mkono wa valvu nimeung'oa na kuutunza nyumbani. Anayetaka kusafisha bomba lazima aufuate, na nikimkabidhi namwambia afunge polepole huku akisikiliza sauti ya maji. Njia ina pia kituta kimoja ambapo hewa ingeweza kunasa na kupunguza mkondo. Hapo niliweka valvu ya kutoa hewa, na chini yake boli valvu ndogo ili siku ya kuisafisha nisilazimike kufunga maji ya njia nzima.

Muuzaji alisisitiza sana ninunue na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Niliikataa. Maji huingia tangini kwa juu, mdomo wa bomba hauguswi na maji yaliyomo, kwa hiyo hakuna cha kurudi. Fedha hiyo niliiongeza kwenye floti. Floti nyepesi za plastiki hutosha pale maji yanapotoka tangi hadi tangi, lakini kwa baa 5.7 zinazofika kwangu huvuja mfululizo, nami nikachukua ya shaba yenye tundu dogo na mkono mrefu.

Kununua valvu za shaba kunataka macho, na sumaku. Boli nyingi za bei rahisi zina tufe la chuma lililopakwa kromu, ambalo hung'aa dukani na baada ya muda huota kutu na kukwaruza pete laini zinazolishikilia. Niliingiza sumaku ndogo ndani ya tundu la kila valvu niliyopewa: ikinasa, naiweka pembeni. Kisha nilifungua na kufunga nikihisi mkononi kama mzunguko ni laini toka mwanzo hadi mwisho.

Baada ya tangi mambo ni mepesi. Vitalu viko mita 12 chini yake, presha ni baa 1 na kitu, na hapo sikuona sababu ya kulipia shaba. Nilitumia boli valvu za plastiki za robo tatu inchi kwenye poli ya milimita 25, zile zenye yunioni (kiungio cha nati kinachofunguka) pande zote mbili, kwa kuwa ikiharibika unailegeza na kuitoa bila kukata bomba. Zimefunikwa kwa ndoo kuukuu, maana jua huzifanya kuwa kavu na mikono yake hukatika. Kabla ya mipira ya kumwagilia kwa matone kuna chujio la diski la meshi 120, yaani matundu 120 kwa inchi.

Upande wa vifaa vya kazi, sikununua vingi. Mkasi wa bomba unaofikia milimita 42 ulitosha kwa mabomba madogo. Kwa lile la 50 tulitumia msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, na tupa ya kuchonga ukingo mshazari ili bomba lisiikate pete ya mpira linapoingia kwenye kiungio. Unga wa msumeno hutolewa wote, la sivyo huishia kwenye chujio. Nilikuja na spana ya bomba yenye meno na ile mafundi waiitayo spana malaya, yaani ya kurekebisha upana wa mdomo, na fundi alipoiona ya meno alisema tu, "Dada, hiyo iweke mbali, itaing'ata poli." Viungio vya plastiki alivikaza kwa mkono, kisha kwa spana ya mkanda, kidogo tu. Kabla ya kusukuma bomba alitia alama ya kalamu kuonyesha linapaswa kuzama hadi wapi, akapaka maji ya sabuni badala ya mafuta ya mashine, ambayo huharibu baadhi ya mipira.

Jambo moja nililishikilia mwenyewe: pale plastiki inapokutana na shaba, nyuzi za kuzungushia za nje ziwe za plastiki na za ndani ziwe za shaba. Shaba ikizungushwa ndani ya plastiki, tepu ya tefloni ikiwa nyingi, kiungio hupasuka ubavuni, pengine si siku hiyo bali baada ya wiki kadhaa.

Poli hutanuka sana. Mita 100 zikipata nyuzi 20 za joto zaidi hurefuka kwa takriban sentimita 40, kwa hiyo tuliilaza mtaroni ikipindapinda kidogo, tukaiacha ipoe, na viungio vya mwisho vikafungwa asubuhi. Tulifukia katikati tu na kuviacha viungio wazi, tukajaza maji taratibu kutoka juu huku valvu ya hewa ikipumua, kisha tukafunga geti ya tangini. Kipimo cha presha nilichofunga bondeni kilipanda hadi baa 9 na nusu kasoro kidogo na kutulia hapo usiku kucha. Viungio viwili vilivyotoa unyevunyevu vilikazwa robo mzunguko baada ya presha kushushwa, vikakauka, na mtaro ukafukiwa.